Siksipaki haiwekwi benki: nilichosema Kaloleni Jumamosi

Wale mlikosa kuja Jumamosi kwa holi ya Kaloleni, Nairobi, mmeniandikia sana mkitaka niwawekee yale maneno, kwa hivyo hii hapa yote, nimeiandika kutoka kwa rekodi ya simu ya dada mmoja wa jim. Nimetoa tu pale maiki ilikuwa inapiga kelele na pale MC alinikatiza akitafuta mwenye probox iliziba geti.

Habari zenu Kaloleni? Aai, hiyo ni salamu ya watu wamelala. Nimesema habari zenu? Ehe, sasa hiyo ndiyo.

Wazee wetu mlio hapo mbele nawasalimu kwa heshima. Mama zetu mmeacha vibanda na mmekuja, asanteni sana, najua Jumamosi ndio siku ya biashara. Na nyinyi vijana wa jim mmesimama huko nyuma na vesti ndio tuone mikono, tumeona, mnaweza keti sasa.

Bango lilisema kochi atafunza vile mtu anapata siksipaki. Nitafunza. Lakini pia niliona vile mambo yanaenda huku mtaani, uchaguzi ni Agosti 10, 2027, na hii holi yetu itapata wageni wengi sana kabla ya hiyo siku, na kila mgeni atashika hii maiki aseme yeye ni mtu wa kawaida kama nyinyi, mtoto wa maskini, hasla, mtu wa jasho. Kwa hivyo leo nitaongea tumbo na nitaongea siasa, na msiniulize zinaingiliana wapi, tulieni tu mtaona.

Nianze na swali. Nani hapa alikuwa na siksipaki akiwa form four? Inua mkono, usione haya. Eeh, wengi! Hata wewe mzee? Sawa. Haya shusheni. Nani iko nayo leo, saa hii, chini ya hiyo shati?

Mnaona vile mmenyamaza.

Sasa shikeni hapo hapo juu hapo ndio hotuba yangu yote iko. Siksipaki ya form four haiko mahali popote. Haukuiweka benki. Huwezi enda kuitoa. Tumbo halijui historia yako, linajua umekula nini mwezi huu na umelala saa ngapi. Na mtu akikuja hapa akuambie alikuwa maskini mwaka wa 1985, mimi namsikiza vile namsikiza mtu mwenye kitambi akiniambia alikuwa na siksipaki akiwa form four. Inaweza kuwa ukweli kabisa! Siwezi bisha. Lakini ni ya zamani, na mimi nauliza ya leo.

Tuanze na tumbo lenyewe. Kitu ya kwanza, kila mtu hapa ako na hiyo misuli. Kila mtu. Mama, hata wewe. Kuna msuli mrefu unatoka kwa mbavu ukishuka mpaka huku chini kwa nyonga, uko pande mbili, na umekatwa na kamba kamba ngumu za kuvuka, hizo kamba ndizo zinafanya ionekane kama matofali. Idadi ya hayo matofali umezaliwa nayo. Wengine ni nne, wengine sita, wengine nane, na hakuna zoezi litakuongezea tofali. Arnold Schwarzenegger alishinda Mr. Olympia mara 7 na tumbo lake linajulikana kwa kuwa na pakiti nne, na hakuna mtu aliwahi kumrudisha nyumbani juu ya hiyo. Kwa hivyo wewe kama umeumbwa na nne, shukuru Mungu, endelea na maisha.

Sasa mbona haionekani? Juu ya msuli kuna mafuta. Ni kama ile sofa ya shosho, iko hapo, lakini vitambaa vimeifunika mpaka hujui ni rangi gani. Mwanaume mafuta yake mwilini yakishuka karibu asilimia 10 hadi 12 hapo ndio mistari inaanza kutokea vizuri, mwanamke ni juu kidogo ya hapo juu mwili wa mwanamke unahitaji mafuta zaidi, na dada zangu msilazimishe mpaka hedhi inapotea, hiyo si urembo, huo ni mwili unalia.

Na hapa ndio watu wananichukia. Sitapu haitoi mafuta ya tumbo. Narudia? Narudia. Sitapu haitoi mafuta ya tumbo! Inajenga msuli ulio chini, ni sawa, lakini mwili ukihitaji mafuta ya kuchoma unachukua pale unataka wenyewe, hauulizwi, na kwa wengi wetu wanaume tumbo ndio mahali pa mwisho pa kuguswa. Ile mishipi ya kubana mnauziwa pale Muthurwa inakutoa jasho, maji yanaenda, unakunywa glasi mbili unarudi vile ulikuwa. Na zile chai za kupunguza tumbo, wacheni niwaambie ukweli, nyingi zinakuharisha tu. Umepoteza mia tano na umeshinda chooni, tumbo liko pale pale.

Kinachofanya kazi ni kitu cha kuboesha sana. Unakula kidogo kuliko vile mwili unatumia, kidogo tu, kama kalori 500 chini kwa siku, na kwa wiki utapoteza kama nusu kilo. Protini usipunguze: mayai, maharagwe, ndengu, omena. Omena ni dawa, watu wa Kaloleni mnajua. Soda ya mililita 300 ina sukari kama vijiko vinane vya chai, hiyo acha. Pombe, hapo nitapita haraka juu naona nyuso zingine hapa nilikuwa nazo jana usiku. Alafu unafanya mazoezi ya mwili mzima, skwati, kunyanyua, presapu, planki, unatembea, Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki na misuli mara mbili. Na unalala. Halafu unarudia kesho. Hakuna siku utamaliza. Hapo ndio watu wanatoroka, juu kila mtu anataka kitu ya kufanya mara moja na kumaliza.

Sasa niwape hadithi ya kwanza.

Kuna kijana mmoja wa mkokoteni, anavuta mizigo kutoka Marikiti, alikuja kwa jim yetu, mnaijua, ile ya vyuma vya simiti kwa mikebe ya rangi. Akavua shati. Wasee, jim ilinyamaza. Tumbo lilikuwa limechorwa! Mistari mpaka huku pembeni. Vijana wamelipa pesa miezi na miezi wakawa wanamtazama wakiuliza huyu anafanya zoezi gani. Nikamuuliza anakula nini. Akaniambia asubuhi ni chai ya rangi na mandazi mbili, mchana akipata smokie sawa asipopata sawa, jioni ugali na sukuma. Nikamwambia inua hiki chuma nione. Akainua mara ya kwanza, mara ya pili akaona giza, ikabidi tumketishe kwa kiti cha plastiki na kumpa maji ya sukari.

Mmenielewa? Hiyo siksipaki yake ilikuwa njaa. Njaa tu. Tukaanza kumwambia aongeze chakula, mayai mawili asubuhi, githeri mchana badala ya smokie, alale. Baada ya muda akapata nguvu, akaongeza kilo, mzigo akawa anavuta bila kusimama pale mlima wa Landhies. Na mistari ikafifia kidogo. Si akanikasirikia! Akaniambia kochi umeniharibia tumbo. Nikamwambia ndugu yangu, hilo tumbo lilikuwa linakuua polepole na watu wanalipiga picha.

Na hapo nikaanza kufikiria siasa, Mungu anisamehe. Juu mwili wa huyo kijana ndio kila mwanasiasa anataka kuvaa. Sio maisha yake. Hakuna anayetaka ile chai ya rangi. Wanataka ule muonekano. Jasho, mikono ya kazi, shati limekunjwa, mahindi ya kuchoma kwa mkono mmoja kando ya barabara, na kuna mtu wa kamera ako tayari.

Na hii kitu haikuanza Kenya, msijilaumu. Angalieni hizi kuta. Wazee wametuambia kila siku hii Kaloleni ilijengwa miaka ya arobaini na mateka wa vita wa Italia, sindio mzee? Ni hivyo. Ndio hao hao walijenga kale kakanisa kadogo pale chini ukielekea Mai Mahiu, mwaka wa 1942. Sasa hao vijana wa Italia walifika aje hapa? Walikuwa na kiongozi anaitwa Mussolini. Na Mussolini alipenda kitu kimoja sana, kuvua shati. Miaka ya 1930 alikuwa anaenda shambani kwa wakulima wa ngano, anavua shati, kifua nje, anapura ngano na wao, kamera zinachukua, sinema zinaonyeshwa nchi nzima. Mtu wa kazi! Mwenzenu! Na huyo huyo serikali yake ndiyo ilipitisha sheria mwaka wa 1926 ya kukataza wafanyakazi kugoma. Alikataza mgomo kwanza, halafu ndio akavua shati. Halafu akawatuma watoto wa wale wakulima Ethiopia, Waingereza wakawashika huko wakawaleta Kenya kama wafungwa, na mmoja wao ndiye alipanga hilo tofali unaegemea hapo.

Marekani pia. Kulikuwa na mbunge wa huko Illinois, Aaron Schock, kijana, tumbo safi kabisa, mwaka wa 2011 jarida la mazoezi likamweka kwa kava bila shati. Siksipaki ya ukweli, siwezi mnyima, alifanya kazi. Machi 2015 akajiuzulu maswali yakiwa mengi juu ya vile pesa zilikuwa zinatumika, hata ofisi ilikuwa imepambwa vile haifai. Kesi ilifunguliwa, na 2019 wakakubaliana alipe na mashtaka yakaondolewa. Siongezi kitu hapo. Nasema tu tumbo safi halikukuambia lolote kuhusu daftari la hesabu.

Sasa turudi nyumbani, na naomba nisiitwe wa mrengo huu ama ule.

2022 tuliambiwa nini? Wilibaro. Alama ya chama ni wilibaro, wimbo ni kazi ni kazi, mheshimiwa Ruto alikuwa anauza kuku kando ya barabara, na mimi naamini aliuza, sina shida na kuku. Tukapewa wilibaro za ukweli, mikokoteni ya ukweli, wengine hapa mlipata. Upande ule mwingine tukaambiwa huyu ndiye mtetezi wa maskini, na Raila, Mungu amlaze pema, alikaa kizuizini miaka mingi, hiyo hakuna mtu atamnyang'anya, lakini pia alikuwa mtoto wa makamu wa rais wa kwanza na Uhuru aliyekuwa anampigia debe alikuwa mtoto wa rais wa kwanza. Kwa hivyo pande zote mbili zilikuwa zinashindana nani anafanana na wewe zaidi. Watu wa mamilioni wanashindana kufanana na mtu wa mkokoteni! Huyo wa mkokoteni mwenyewe anataka kufanana na wao.

Alafu tukapiga kura. Hasla akashinda na asilimia 50.49. Julai 2023 ushuru wa mafuta ya gari ukapanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Ukawekewa makato ya nyumba, asilimia 1.5. Oktoba 2024 ikaja ya afya, asilimia 2.75. Wewe kibarua wa Nairobi kima chako cha chini kiliwekwa Novemba 2024 kuwa shilingi 16,113. Toa nyumba, kama 240. Toa afya, kama 440. Sijagusa NSSF. Kuna mtu atasema ushuru unajenga nchi na mimi nakubali, barabara haijengwi na maombi. Swali langu ni dogo. Ile siku ya kukata, huyo aliyesema ni mwenzako alikuwa anafikiria tumbo la nani?

Na wabunge, hawa msiwasahau juu hawa ndio watakuja hapa kwanza. Mnakumbuka 2013? Wamechaguliwa Machi, kufikia Mei tayari wanalia mshahara wa 532,000 ni kidogo, wanataka ule wa zamani wa 851,000. Vijana wakapeleka nguruwe na damu mpaka mlangoni mwa Bunge, tarehe 14 Mei, watu wakasema ni uchafu, ni aibu. Mimi nilisema nguruwe ndio wameonewa.

Lakini sasa nataka niwageuzie nyinyi kibao kidogo. Mtanivumilia?

Hapa mlipokaa, ndani ya hii holi, tarehe 23 Aprili 1950, alisimama mtu anaitwa Makhan Singh akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Hadharani. 1950! Wakati wengine walikuwa wanaomba tu kuongezewa viti kwa baraza la wakoloni. Sasa huyu Makhan Singh alikuwa maskini? La. Babake alikuwa na mtambo wa kuchapisha. Alikuwa Mhindi, alizaliwa Punjab, hakuwahi kuvuta mkokoteni wa Marikiti. Angesimama leo na hadithi yake ya maisha, mshauri wa kampeni angemwambia bosi hii haiuzi, tafuta hata punda. Lakini 1935 alikuwa tayari anaandikisha wafanyakazi kwa chama, Mwafrika na Mhindi pamoja, wakati serikali ilitaka kila mtu akae kwake. Wiki tatu tu baada ya kuongea hapa, Mei 15, wakamshika yeye na Fred Kubai, mwenzake wa chama cha wafanyakazi, Nairobi ikagoma. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Zaidi ya miaka 11! Akatoka, uhuru ukaja, na hakupewa chochote cha maana. Akafa 1973.

Sasa niambieni, nani alikuwa mtu wa wafanyakazi? Yule alizaliwa maskini ama yule alifungwa juu ya maskini? Mimi sijali ulizaliwa wapi. Kuku, punda, mtambo wa kuchapisha, sijali.

Na kuna mwingine, Bildad Kaggia, wazee mnamjua. Mtu wa chama cha wafanyakazi, alihukumiwa Kapenguria akafungwa pamoja na Kenyatta. Uhuru ukakuja akawa mbunge wa Kandara, akasema ardhi ipewe wale hawana, bure, akakataa kunyamaza. Mwaka wa 1965 Mzee Kenyatta akaenda Kandara kwake, mbele ya watu wake, akamuuliza Kaggia, tulikuwa jela pamoja na Ngei, na Kubai, na Karumba, hawa wamejipatia mali, na wewe, wewe umejifanyia nini?

Fikiria hilo swali. Umejifanyia nini.

Watu walifanya nini, mnadhani walizomea? Mwaka uliofuata, 1966, Kaggia akatetea kiti na chama cha upinzani, KPU. Akaanguka. Alifungwa tena 1968 kwa sababu ya mkutano. Akaishi na kinu chake cha posho huko Kandara, akafa 2005 bila utajiri wowote.

Kwa hivyo tusijidanganye tukidhani shida ni wao peke yao. Tukiletewa mtu wa kawaida wa ukweli, mwenye nauli ya matatu, tunamwangalia tunasema huyu hana kitu, atatusaidia na nini? Hana hata gari! Tukiletewa mwenye V8 amevaa kofia ya mjengo, tunasema ona, ni mnyenyekevu. Sisi ndio tunanunua ile chai ya kuhara. Sisi. Mimi ni kochi, najua mteja, mteja akiingia kwa jim hataki kusikia maharagwe na kulala, anataka kuniona mimi nimevua shati. Nikivua shati, analipa. Nikimwambia leta daftari uandike unachokula, harudi.

Ndio nafika pahali pa kazi sasa. Daftari.

Kwa tumbo, tupa mambo ya kioo, kioo kinategemea taa na simu. Chukua tepu ya fundi wa nguo. Pima kiuno chako pale kwa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani, nakuona, bila kuvuta! Halafu pima urefu wako. Kiuno kisizidi nusu ya urefu. Ukiwa na sentimita 170 kiuno kiwe chini ya 85. Hiyo ni muhimu kuliko matofali, juu kuna mafuta mengine hayashikiki na mkono, yanakaa ndani kabisa kuzunguka ini na matumbo, hayo ndio yanaleta sukari na shida za moyo, na mtu anaweza kuwa mwembamba mikono na miguu na bado ako nayo.

Kwa mwanasiasa, tepu yako inaitwa Hansard. Kila neno linasemwa Bungeni linaandikwa, na wakipiga kura ya majina, jina linaandikwa. Juni 20, 2024, Mswada wa Fedha, kura ya kusomwa mara ya pili, 204 wakasema ndio, 115 wakasema la. Mswada ulikuwa umekuja na ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na 25 kwa mafuta ya kupikia, hizo mbili wakasema wametoa siku mbili kabla ya kura juu mlipiga kelele, lakini mengine yakabaki. Juni 25 wakapiga tena, 195 kwa 106. Mnajua ni nini kilitokea nje hiyo siku. Kuna nyumba hapa Eastlands hazijasahau na sitaongea kama mtu anapita tu juu ya hiyo. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi, ukarudishwa.

Sasa mbunge wako alikuwa wapi kwa hizo 204 ama 115? Ama hakuwa kwa chumba kabisa? Unajua? Wewe? Wewe wa kofia nyekundu? Hakuna mtu anajua. Lakini mnajua alikula wapi mutura Jumapili iliyopita juu picha mliipata. Mzalendo, wale wanafuatilia kazi ya Bunge, wanaweka kwa mtandao nani ameongea na nani amekaa kimya mwaka mzima. Haya yako kwa simu, simu ile ile unatumia kuangalia planki za Wazungu.

Na usiangalie kura moja tu, hapo watu wanakosea. Mtu mmoja akikataa soda siku moja hawi na kiuno. Angalia mwaka mzima, angalia zile siku hakuna kamera, saa nne usiku wakati wanabadilisha kifungu kidogo cha sheria ya leba na holi ya Bunge imebaki na watu kumi na tano. Hapo ndio mtu anakula chakula chake cha ukweli.

Nimemaliza yangu, sasa maswali. Wacha niweke mawili matatu hapa juu ndio yalikuwa matamu.

Mama mmoja wa chapo aliuliza, kochi, unatuambia tuache ugali na chapati, si unaniua biashara? Mama, sijasema acha. Ugali saizi ya ngumi yako, sio ya ngumi ya bondia, mboga zijaze nusu ya sahani, na chapo moja sio dhambi. Shida ni ile ya tatu unakula ukiwa umeshiba juu imebaki. Hiyo ya tatu uza.

Kijana akauliza itachukua muda gani. Kama kitambi ni kidogo, miezi michache ukiwa mkali. Kama ni kikubwa, mwaka na zaidi. Akasema ni mrefu. Nikamwambia Disemba itafika ukiwa umeanza ama hujaanza.

Na mzee mmoja pale mbele, huyu ndiye alinishinda kidogo. Akasema, mwanangu, hiyo Hansard ni sawa, lakini nikifiwa, yule alipiga kura ya ndio ndiye anakuja kwa matanga na bahasha ya jeneza, na yule wa la simuoni. Nifanye nini?

Holi ilicheka lakini mimi sikucheka juu ni ukweli. Nikamwambia mzee, mimi siwezi kukuambia ukatae pesa ya jeneza nikiwa sina ya kukupa. Chukua bahasha. Zika mtu wako vizuri. Halafu akipewa maiki pale kaburini aanze ile ya mimi ni mtoto wa maskini kama nyinyi, simama polepole, wewe ni mfiwa hakuna mtu atakukalisha, umuulize mheshimiwa Juni 20 ulisema ndio ama la, na kwa nini. Na kijana wako awe ameshawasha rekodi.